Mlima Unaopanga Siku: Cape Town kwa Mwanafunzi wa Bumu

Ukirudi kutoka Cape Town watu wanakuuliza swali moja tu: ulipanda ule mlima? Mimi nilikaa huko muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kuanzia Julai baridi ikiwa kali hadi Desemba jua likichoma, na tangu nirudi swali hilo nimelijibu kwenye foleni ya msosi, kwenye daladala, hadi msibani. Kwa kuwa wapo wenzetu wanaoomba nafasi za mwakani, na wengine wanakwenda kwenye makongamano ya siku nne tu, naona niandike mara moja. Orodha za "maeneo kumi ya kutembelea" zipo nyingi, tena zina picha nzuri kuliko zangu. Kinachokosekana kwenye orodha hizo ni hiki: Cape Town hupangi wewe utafanya nini kesho. Mlima ndio unaopanga. Ukijua kuusoma utaona mengi kwa hela kidogo, na utarudi chini ukiwa mzima.

Kwanza ujue ulivyokaa. Table Mountain ni ukuta wa mawe ambao juu umekatwa bapa kama meza, upana wake wa mbele ni kama kilomita 3. Wakhoikhoi waliokuwapo kabla ya Wazungu waliuita Hoerikwaggo, yaani mlima ulio baharini. Ukiutazama kutoka bandarini, kushoto kuna Devil's Peak yenye mita 1,000 hivi, kulia kuna Lion's Head yenye mita 669 na mgongo wake, Signal Hill. Katikati ya vilima hivyo, kama uji ndani ya bakuli, ndiyo umekaa mji. Nyuma ya meza milima inaendelea kuelekea kusini kwenye rasi ndefu hadi Cape Point. Upande wa magharibi wa rasi ni Atlantiki tupu. Upande wa mashariki kuna ghuba pana, False Bay.

Kilele chake kiko mita 1,086. Najua mtu wa Moshi atacheka. Lakini Moshi yenyewe iko zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari hata kabla hujaanza kupanda chochote. Huku mita hizo zinaanza ufukweni. Asubuhi unakunywa chai ukiwa usawa wa bahari, saa sita mchana uko juu ya kilomita moja, na hali ya hewa uliyoiacha chini siyo utakayoikuta.

Hapo ndipo upepo unapoingia. Sisi wa pwani tuna kusi na kaskazi, na mvuvi wa Kunduchi hahitaji simu kujua ni msimu wa ipi. Wao pia wana pepo mbili. Kuanzia Oktoba hivi hadi Machi huvuma wa kusini-mashariki. Kwa maneno mengine, kusi yao inavuma miezi ya kaskazi yetu. Wenyeji huuita Daktari wa Cape, kwa imani ya zamani kwamba unafagia magonjwa na hewa chafu na kuyatupa baharini. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, zamu ni ya upepo wa kaskazini-magharibi, na huo ndio unaoleta mvua. Mvua zao ni za wakati wa baridi, kiangazi ni kikavu. Mtu aliyezoea masika na vuli inamchukua muda kuielewa kalenda hiyo.

Sasa, Daktari akivuma anatoka False Bay akiwa amebeba unyevu, anagonga ukuta wa mlima, hana pa kupita ila juu. Hewa ikipanda inapoa, ikipoa ule unyevu unakuwa wingu. Wingu linatambaa juu ya meza, linamwagika upande wa mjini kama maziwa yaliyochemka yakafurika sufuria, halafu katikati ya ukuta linatoweka. Halijaenda popote: hewa ikishuka inapata joto, na wingu linarudi kuwa mvuke usioonekana. Wenyeji wanaliita kitambaa cha meza. Hadithi yao inasema ni moshi wa mzee mmoja, Van Hunks, maharamia mstaafu, anayeshindana na shetani kuvuta kiko huko Devil's Peak. Waliosoma jiografia kidato cha tano wataiona Uluguru hapo: upande wa mashariki unaotazama Bahari ya Hindi unanyeshewa, upande wa pili unabaki mkavu. Kanuni ni ileile, ila huku unaiona ikifanyika mbele ya macho yako kwa nusu saa.

Kwa mgeni, kitambaa kile ni tangazo. Kikitandikwa asubuhi, siku hiyo ya kupanda imekwisha. Kuna gari la kebo linalopandisha watu tangu 1929. Yale ya sasa, ya mwaka 1997, ni ya duara, yanabeba watu 65 na sakafu yake inazunguka taratibu ili kila mtu aone pande zote. Safari ni kama dakika tano. (Nikiwa ndani nilikumbuka mabishano ya 2019, serikali yetu iliposema inafikiria magari ya kebo Kilimanjaro, na waongozaji na wapagazi wakauliza watakula wapi. Table Mountain haikuwahi kuwa na jeshi la wapagazi wanaoishi kwa mizigo ya wageni, kwa hiyo swali lile huko halina uzito huo.) Gari hilo halitembei upepo ukiwa mkali, na baridi ikiingia hufungwa kwa siku kadhaa za matengenezo. Usinunue tiketi ya kesho bila kuangalia upepo wa kesho.

Na hapa niseme bila kuzunguka: ule mlima unaua. Unaua kwa sababu uko mjini, unaonekana kutoka dirishani, na mtu anauchukulia kama bustani. Hadithi za waokoaji zina sura moja. Mtu amepanda kwa gari la kebo akiwa na ndala na fulana, juu kuna jua na picha nzuri. Upepo unabadilika. King'ora kinalia kuwaita watu warudi kituoni, yeye yuko mbali na hasikii, au anasikia na hajui maana yake. Wingu linashuka. Juu kule ni tambarare yenye vijia vingi, na pembeni tambarare inaishia kwenye genge. Ukungu ukiwa mzito huoni hatua tano, na joto linashuka ghafla mpaka vidole vinakufa ganzi. Ukijikuta hivyo, kaa kwenye njia, usikate kona kutafuta mkato, na piga simu ya uokoaji uliyoihifadhi kabla ya kutoka hosteli.

Njia ya kawaida kwa miguu ni Platteklip, korongo lililopasua ukuta wa mbele katikati. António de Saldanha, Mreno, alipanda mlima mwaka 1503, na huo ndio upandaji wa kwanza ulioandikwa. Hakuna cha kupotea: ni ngazi za mawe, ngazi, na ngazi tena, saa mbili hadi tatu kwa mtu wa kawaida. Tatizo lake ni jua. Korongo linatazama kaskazini, ambako jua la nusu hii ya dunia linakaa, na kuanzia saa nne asubuhi kiangazi unakuwa unatembea ndani ya tanuri. Anza saa kumi na mbili. Beba maji lita mbili na koti, hata kama chini mnalia joto. Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo wenye kipato cha kati, tuseme bumu likiwa limeingia wiki hiyo, hupanda kwa miguu na kushuka kwa kebo.

Ipo njia nyingine, India Venster, inayopita karibu chini ya waya za kebo. Kwenye ramani ya simu inaonekana fupi na imenyooka, na ndiyo maana inawapata wageni. Sehemu zake si za kutembea, ni za kuparamia mwamba kwa mikono na minyororo. Usiende bila mtu anayeijua.

Mimi niliipenda Skeleton Gorge kuliko zote, jina lisikutishe. Inaanzia bustani ya Kirstenbosch, upande wa mashariki, na inapita ndani ya msitu wenye kivuli. Kuna ngazi za mbao na sehemu za kushika mawe, na baada ya mvua panateleza kweli. Ukifika juu unakutana na kitu usichokitegemea: mabwawa ya maji. La Woodhead lilikamilika 1897, la Hely-Hutchinson 1904, yote yamejengwa kwa mawe juu ya mlima kunywesha mji uliokuwa unakua. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya mimea inayoyachuja njiani. Nilikaa pale na wenzangu wawili, mmoja Mzimbabwe, mwingine wa hapohapo, tukala mkate na samaki wa kopo. Pimbi wakaja kuomba. Wale wanyama wadogo kama sungura asiye na masikio ni ndugu wa tembo, na wanajua kusoma begi lenye chakula kuliko kondakta anavyosoma sura ya asiye na nauli.

Nikiwa kwenye maji: kila mkazi wa pale wa umri wetu anakumbuka mwanzo wa 2018. Baada ya miaka mitatu ya mvua haba, jiji lilitangaza kwamba ikifika Siku ya Sifuri mabomba yatafungwa, na kuanzia Februari mtu aliwekewa lita 50 kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo. Watu walipanga foleni na madumu kwenye chemchemi ya Newlands, inayotoka chini ya mlima huohuo. Sisi tuliozoea kuoga kwa ndoo hatukuwa na cha kujifunza hapo, lakini kwa vitongoji vyenye mabwawa ya kuogelea lilikuwa jambo zito.

Bahari nayo inamsikiliza Daktari. Picha za fukwe za Clifton na Camps Bay zinafanana na Zanzibar, mchanga mweupe na maji ya buluu. Weka mguu. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma kando ya pwani ya magharibi, ukisaidiwa na mzunguko wa dunia, unasukuma maji ya juu yaende mbali na ufukwe, na nafasi yake inajazwa na maji ya kina yaliyo baridi. Matokeo yake ni kinyume cha akili ya mtu wa Kigamboni: siku ya jua kali na upepo ndiyo siku ambayo maji yanaweza kushuka hadi nyuzi 10. Hayo maji baridi yamejaa chakula cha viumbe wa baharini, ndiyo sababu ya samaki, sili na pengwini. Ukitaka kuogelea nenda upande wa False Bay, Muizenberg, ambako maji yana joto zaidi na wanafunzi wanajifunza kuteleza kwenye mawimbi. Huko nako mlima una kazi: walinzi wanakaa juu ya kilima wakitazama baharini kwa darubini, wakiona papa mkubwa wanapiga king'ora na kupandisha bendera nyeupe. Ukiisikia, toka.

Kufika Muizenberg hakuhitaji gari la mtalii. Treni ya kusini inapita huko na kuendelea hadi Simon's Town, na kipande cha mwisho reli inagusa bahari kabisa. Ulizia kwanza kama inafika mwisho siku hiyo. Kutoka Simon's Town unatembea hadi Boulders, kwenye pengwini. Walianza jozi mbili mwaka 1982, wakazaliana mpaka wakawa kivutio. Lakini mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliingizwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na moja ya sababu kubwa ni kwamba samaki anaowala, dagaa wa kule, wamepungua. Waone sasa. Kwa safari za mjini, daladala zao ni hiace zilezile, na konda wao, anayeitwa gaatjie, anapaza sauti ya kuita abiria ambayo ingemtosha kazi Mbagala.

Kuna upande mwingine wa kuusoma mlima, na huu hauandikwi kwenye utabiri wa hewa. Ukiwa Kirstenbosch, iliyoanzishwa 1913, utaona bustani ya kupendeza mno. Ile pembe ya bara ina aina kama 9,000 za mimea, na zaidi ya nusu haimei kokote kwingine duniani. Katikati ya uzuri huo tafuta kibao kinachoonyesha mabaki ya ua wa milozi mwitu. Ulipandwa mwaka 1660 kwa amri ya Jan van Riebeeck, mkuu wa kituo cha Waholanzi, kuwazuia Wakhoikhoi na ng'ombe wao wasiingie kwenye ardhi ambayo jana yake ilikuwa yao. Ua huo bado uko hai. Unaota majani kila mwaka.

Ua ule ulikuja kupata watoto wake. Panda Signal Hill jioni, au Lion's Head kama una pumzi, halafu baada ya kuitazama bahari geuka utazame mji. Chini ya Devil's Peak utaona eneo pana lenye majani, karibu kabisa na katikati ya jiji, mahali ambapo kiwanja kingekuwa cha thamani mno. Ni District Six. Februari 11, 1966 serikali ya ubaguzi ililitangaza kuwa la Wazungu. Zaidi ya watu 60,000 walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa. Walipelekwa Cape Flats, tambarare ya mchanga ile unayoipita ukitoka uwanja wa ndege, ambako mlima unaonekana kwa mbali, kama picha ya ukutani. Kwenye jumba la makumbusho la District Six sakafuni kuna ramani kubwa ya mitaa iliyokuwepo, na waliohamishwa wameandika kwa mikono yao nani aliishi wapi. Kama una saa moja tu Cape Town na mlima umefungwa, itumie hapo.

Nilimwuliza yule mwenzetu wa hapohapo, aliyekulia Cape Flats, alipanda mlima mara ya kwanza lini. Akasema mwaka wa kwanza chuoni. Nauli ya kufika mjini ilikuwa kitu cha kuhesabu nyumbani kwao, na bibi yake alizeeka chini ya sheria ya 1953 iliyotenga hata fukwe, ikafutwa 1990 tu. Kwenda mlimani kutembea kwa raha halikuwa jambo la familia yao. Fukwe ziko wazi kwa kila mtu sasa. Nauli bado ni nauli.

Chuo chenyewe kimejengwa kwenye mteremko wa Devil's Peak, na kwetu sisi wa Mlimani jina hilo linaeleweka haraka. Sanamu ya Cecil Rhodes iliyokuwa pale iliondolewa Aprili 2015 kwa shinikizo la wanafunzi. Miaka sita baadaye, Aprili 18, 2021, moto ulioanzia mlimani karibu na mnara wa kumbukumbu wa huyohuyo Rhodes ulishuka na upepo hadi chuoni, ukaichoma maktaba ya Jagger na sehemu ya hazina yake ya vitabu na nyaraka za Afrika. Mimea ya asili ya pale huhitaji moto kila baada ya miaka kadhaa ili mbegu zake ziote. Misonobari na mikaratusi iliyoletwa na wageni ndiyo inayoufanya moto uwe mkali kupita kiasi. Kwa hiyo ukiwa mlimani hupiki, huvuti, huwashi chochote.

Wenye asili ya pwani nawashauri Bo-Kaap, miguuni mwa Signal Hill, siyo kwa ajili ya kupiga picha tu kwenye nyumba za rangi. Waliojenga mtaa ule ni uzao wa watumwa na wafungwa wa kisiasa walioletwa kutoka Indonesia, India, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Msikiti wa Auwal ni wa mwaka 1794. Madrasa zao ziliandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama mashairi yetu ya Kiswahili yalivyoandikwa. Saa sita kamili mchana mzinga hulipuliwa kutoka Signal Hill kila siku isipokuwa Jumapili, na mgeni hujulikana kwa kuruka.

Kiswahili chenyewe utakisikia. Kuna vijana wa Kitanzania ambao kwa miaka mingi wameishi chini ya madaraja ya barabara za karibu na bandari, wakisubiri nafasi ya kuzamia meli. Sean Christie aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2016, *Under Nelson Mandela Boulevard*. Maandishi yao kwenye nguzo za zege utayasoma bila kamusi. Nilisalimiana na mmoja, akanijibu "marahaba" kabla sijamaliza shikamoo, akaniuliza matokeo ya Simba na Yanga, kisha akaniambia nisiipite njia ile baada ya giza. Ushauri huo nauhamishia kwako pamoja na mlima: vibaka wapo, hasa kwenye njia za pembeni za Devil's Peak na Signal Hill. Nendeni wanne au zaidi, muwe mmemwambia mtu mnapita njia gani na mtarudi saa ngapi, simu isikae mkononi.

Sehemu kubwa ya mlima haina kiingilio. Unalipia kebo, Kirstenbosch, Boulders na Cape Point. Hiyo ya mwisho ni mbali na ni ghali bila kuchangia gari, na siyo ncha ya kusini ya Afrika kama wengi wanavyodhani. Ncha ni Agulhas. Lakini ukisimama pale unatazama njia aliyopita Vasco da Gama mwaka 1497, miezi michache kabla ya kutia nanga Mombasa na Malindi.

Ukiweza kuchagua, nenda Machi au Aprili: Daktari anakuwa ameanza kuchoka na mvua hazijaja. Desemba jua linazama karibu saa mbili usiku, kwa hiyo unaweza kutoka darasani na bado ukapanda Lion's Head. Juni giza linaingia mapema, saa kumi na mbili kasoro jua limeshazama, na asubuhi mpaka saa mbili ndipo unaliona tena. Hosteli nyingi hazina vipasha joto. Blanketi la Kimasai linatosha, na huko watakuuliza umelinunua wapi.